Mwalimu wa udereva kuwa mtahini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila foleni ya mtihani wa barabarani inaporefuka, wazo hili hurudi: walimu wa udereva tayari wana magari, wana vibali na wanashinda barabarani, kwa nini wasipewe na kazi ya kuwapima madereva wapya? Maswali yaliyo hapa huulizwa na wanafunzi, wazazi, wenye vyuo na walimu wenyewe. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: mwalimu anaweza kuwa mtahini mzuri sana, ila asimpime aliyemfundisha, na asipime pasipo mtu wa kumkagua.

## Mambo ya msingi

Wazo lenyewe ni lipi hasa?

Ni serikali kukasimu mtihani wa vitendo, ule wa kushika usukani na kuingia barabarani, kwa walimu au vyuo vya udereva vilivyopewa kibali. Kwa kawaida mtihani wa nadharia na utoaji wa leseni hubaki mikononi mwa serikali.

Lina sura tatu, na mabishano mengi hutokana na kila mtu kuwa na sura yake kichwani. Ya kwanza, chuo kinakuwa na mtahini aliyesajiliwa, naye anawapima watu ambao hakuwafundisha yeye. Ya pili, mwalimu yule yule aliyekufundisha ndiye anayekupima mwishoni mwa mafunzo. Ya tatu, hakuna siku ya mtihani kabisa: mwalimu anakutilia saini kwenye daftari, stadi moja baada ya nyingine, mpaka zote ziishe. Canberra, Australia, wanao mfumo huu wa daftari sambamba na mtihani wa siku moja, na mwanafunzi anachagua njia anayoitaka.

Kwa sasa nani anapima Tanzania na Kenya?

Tanzania ni polisi wa usalama barabarani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Chuo kinakufundisha na kukupa cheti, polisi wanakupima, TRA (mamlaka ya mapato) inatoa leseni.

Kenya kazi hiyo ilikuwa ya polisi wa trafiki kabla ya kuhamishiwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mtahini wa NTSA anakuhoji kwenye ubao wa mji wa mfano, ule wenye vigari vidogo, kisha mnaingia barabarani. Nchi zote mbili mwalimu wako anakusindikiza tu.

Mwalimu akinipima, ndiye anayenipa leseni?

Hapana. Anapeleka matokeo serikalini, na serikali ndiyo inayotoa leseni. Inaweza kuyakataa matokeo hayo, au kukutaka urudie mtihani mbele ya ofisa wake.

Kwa nini jambo hili linazungumzwa sana siku hizi?

Foleni. Uingereza ndiyo mfano unaotajwa zaidi: kabla ya korona mwanafunzi alisubiri mtihani kama wiki 5, lakini mwaka 2025 wastani ulikuwa umepita wiki 20. Wakajitokeza walanguzi wanaonunua nafasi za mtihani na kuziuza kwa bei ya juu. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ikatangaza kwamba itaazima watahini wa jeshi wasaidie kupunguza foleni. Tazama hapo walichofanya: waliongeza watahini, lakini hawakuwapa walimu kazi hiyo.

Anayeumia kwenye foleni ni mwanafunzi aliyekwisha kuiva. Mkono unapoa, anasahau klachi na mlima, anarudi kulipia masomo ya kujikumbusha ambayo asingeyahitaji kama angepimwa kwa wakati. Kwa mtu wa wilayani ongeza nauli ya kwenda mkoani na kulala huko. Mzigo huu ni wa kweli, na anayepinga walimu kupima bila kusema foleni itaondolewaje bado ana deni la kujibu.

Si bora basi mtihani ufutwe, wazazi watie saini tu?

Jimbo la Georgia, Marekani, lilijaribu. Aprili 2020, vituo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, gavana Brian Kemp alisimamisha mtihani wa barabarani, na vijana wapatao 20,000 wakapewa leseni wakiwa na uthibitisho wa mzazi kwamba wamefanya mazoezi ya kutosha. Mwezi uliofuata agizo likageuka: wote watakiwe kufanya mtihani kabla ya Septemba kwisha.

Mzazi anampenda mwanawe, na upendo huo ndio unaomfanya asifae kuwa shahidi pekee. Hata serikali yenyewe ilirudi nyuma ndani ya wiki chache.

## Nchi zinazoruhusu na zisizoruhusu

Marekani wanafanyaje?

Kila jimbo lina utaratibu wake. Washington, ile ya magharibi yenye jiji la Seattle, mitihani mingi ya magari madogo hufanyika kwenye shule za udereva zenye kibali. Texas ina mpango unaoruhusu shule zilizoidhinishwa kupima, ingawa ofisi za jimbo nazo zinaendelea kupima. Michigan inategemea watahini binafsi waliosajiliwa. Kwa hiyo Mswahili aliyehamia huko asishangae kuambiwa atafute shule badala ya ofisi ya serikali.

Virginia imekwenda mbali zaidi kwa vijana wa chini ya miaka 18. Mafunzo ya barabarani yana vipindi 14 vya dakika 50: saba unaendesha, saba umekaa unamtazama mwenzako akiendesha. Kipindi cha mwisho cha usukani ndicho mtihani, na anayepima ni mwalimu wako mwenyewe. Ukifaulu unapata cheti kinachotumika kama leseni ya muda kwa siku 180, huku leseni halisi ukikabidhiwa kwenye hafla ya mahakama, mzazi akiwa pembeni. Hicho kipengele cha mahakama ni kizuri: kijana anasimama mbele ya hakimu, na mzazi anakumbushwa kwamba anaweza kuomba leseni ya mwanawe isimamishwe.

India nayo vipi? Tumesikia kwamba huko mtihani umefutwa.

Haujafutwa. Kanuni zilizoanza Julai 2021 zinaruhusu vituo vya mafunzo vyenye ithibati, vyenye uwanja wa mazoezi na mashine ya kuigiza uendeshaji, vimpime mwanafunzi, naye akifaulu hapimwi tena kwenye ofisi ya usafirishaji. Mafunzo ya gari dogo ni saa 29 ndani ya wiki 4. Mwaka 2024 uvumi ulienea kwamba kila chuo sasa kinaweza kutoa leseni, na wizara ikalazimika kutoa ufafanuzi kwamba hakuna lililobadilika. Chuo cha kawaida cha mtaani hakina mamlaka hayo.

Ulaya wanaruhusu?

Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu, na kanuni yao haina mzunguko: Maelekezo ya 2006/126 yanasema mtahini wa udereva haruhusiwi wakati huo huo kuwa mwalimu wa biashara katika chuo cha udereva. Ukitaka kupima, acha kufundisha.

Ila kukataza huko hakumaanishi kwamba mtahini lazima awe mtumishi wa serikali. Ujerumani mtahini anatoka kwenye taasisi za ukaguzi kama TÜV na DEKRA. Utaona watu watatu garini: mwanafunzi kwenye usukani, mwalimu wake kwenye kiti cha abiria akiwa na pedali zake, na mtahini kiti cha nyuma na kishikwambi chake. Mwalimu akigusa breki kumwokoa mwanafunzi, mtihani umekwisha na umefeli. Mpangilio huu unatupendeza kwa sababu unamtumia mwalimu kwa anachokiweza, yaani kulinda usalama wa gari, na uamuzi unabaki kwa mtu asiye na chake pale.

## Upendeleo na rushwa

Mwalimu ndiye anayemjua mwanafunzi wake kuliko mtu yeyote. Kwa nini asimpime yeye?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wanaouliza wana hoja. Mtihani wa nusu saa unaona kidogo. Mwalimu amemwona mwanafunzi kwenye mvua, kwenye foleni ya jioni, siku ya hofu na siku ya kujiamini. Inaelekea kuwa busara kumwachia aamue.

Lakini kaa kiti cha nyuma uwatazame hao wawili. Wanakaribia kipilefti. Kabla mwanafunzi hajafanya lolote, mguu wa mwalimu umeshasogea taratibu kuelekea breki ya upande wake. Mwanafunzi hajaambiwa neno, ila kwa jicho la pembeni ameuona ule mguu, naye anapunguza mwendo. Mwalimu anageuza shingo kulia, mwanafunzi anageuza shingo kulia. Gari linaingia kipilefti vizuri kabisa, alama kamili. Wiki ijayo kijana huyo atafika pale pale peke yake, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, na hakuna mguu wa kumwambia kwamba daladala haitampisha. Mwalimu hakudanganya, wala mwanafunzi hakudanganya. Wamezoeana tu, na mazoea hayo hayatoki kwa kuapishwa.

Kuna na huruma. Mwalimu anajua kwamba jana kijana alirudi rivasi vizuri, leo amegonga ukingo, basi anampa alama ya jana. Anajua nani amekopa ada. Anajua kwamba mama wa watoto watatu ameahidiwa kazi akipata leseni Ijumaa. Mtu mwenye moyo ataona ugumu wa kumfelisha, na tusiwalaumu walimu kwa kuwa na moyo, tuwaondolee mtego.

Mwisho kuna jina la chuo. Chuo kinachotangaza kwamba wanafunzi wake wanafaulu mara ya kwanza kina sababu ya kutaka wafaulu hata wasipostahili.

Ujuzi wa mwalimu kumhusu mwanafunzi usitupwe. Uandikwe: saa alizoendesha, usiku na mchana, lami na vumbi, makosa yanayojirudia. Rekodi hiyo iwe sharti la kuingia kwenye mtihani, na mtahini awe mtu mwingine.

Rushwa haitaongezeka vyuo vikipewa kazi ya kupima?

Inaweza kuongezeka. Lakini anayesema rushwa italetwa na vyuo anazungumza kana kwamba mfumo wa watahini wa serikali hauna rushwa, na ushahidi unamkataa.

Novemba 1994, karibu na Milwaukee, Marekani, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori na kusababisha moto ulioua watoto 6 wa familia moja. Ilibainika kwamba dereva alipata leseni yake Illinois kwa njia ya rushwa, kwenye ofisi ya serikali. Uchunguzi uliofuata uliwatia hatiani watu zaidi ya 70, na mwaka 2006 George Ryan, aliyekuwa mkuu wa ofisi hiyo kabla ya kuwa gavana, naye akatiwa hatiani. Januari 2024 askari wa jimbo la Massachusetts waliokuwa watahini wa leseni za malori walishtakiwa kwa kuwapa alama za kufaulu watu wasiostahili. Miongoni mwa zawadi zilizotajwa ni mashine ya kuondolea theluji.

Delhi nako watafiti waliwafuatilia waombaji leseni 822, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wengi waliopata leseni hawakuwa wamefanya mtihani wowote; walipitia kwa madalali, hawa tunaowaita vishoka. Watafiti walipowapima kwa kushtukiza, zaidi ya nusu hawakuweza kuendesha. Ofisi ilikuwa ya serikali na sare zilikuwa za serikali.

Kwa hiyo tunapenda kuuliza jambo lingine kwanza: mtahini huyu, awe askari au mwalimu, nani anamtazama?

Kinga gani zinafanya kazi?

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi tunaoufahamu ni kanuni za shirikisho la Marekani kwa leseni za malori na mabasi, kule ambako kampuni na shule binafsi zinaruhusiwa kupima. Mtahini ambaye pia ni mwalimu haruhusiwi kumpima mtu aliyemfundisha yeye. Ratiba ya mitihani ipelekwe serikalini siku mbili za kazi kabla, ili mkaguzi aweze kutokea bila kualikwa. Kila mtahini binafsi akaguliwe mahali pake angalau mara moja kila miaka miwili. Zaidi ya hapo, jimbo linamtuma ofisa wake ajifanye mtahiniwa, au akae garini atoe alama zake sambamba na za mtahini, au awachukue waliofaulu baadhi na kuwapima upya ili kulinganisha. Mtahini apime angalau watu 10 kwa mwaka, mkono usipoe, na apate mafunzo ya kujikumbusha kila miaka 4.

Kamera ya garini inasaidia sana, hasa ikirekodi barabara, kiti cha mbele na sauti. Ila kamera isiyotazamwa na mtu ni pambo. Kama fedha ni kidogo, tungeanza na kulinganisha takwimu: mtahini anayefaulisha karibu kila mtu, au anayefaulisha zaidi wanafunzi wa chuo kimoja, ndiye wa kutembelewa kwanza.

Je, chuo hakiwezi kunifelisha makusudi ili nilipe tena?

Kinaweza, na hofu hii haisemwi vya kutosha. Dawa yake: ada ya mtihani iwekwe na serikali, na aliyefeli awe huru kurudia kwenye kituo kingine chochote, kikiwemo cha serikali. Chuo kisiwe na mteja aliyefungwa.

## Kwa mwanafunzi, mzazi na mwalimu

Leseni ya mtu aliyepimwa na mwalimu ina uzito sawa?

Ndiyo, ni leseni ile ile, na haiandikwi nani alikupima.

Mtahini wa chuo ni shemeji yangu. Kuna tatizo?

Lipo. Omba mtahini mwingine, hata kama sheria ya unakoishi haijataja mashemeji. Tazama jibu la kwanza kuhusu upendeleo. Yaliyosemwa juu ya mwalimu yanamhusu ndugu mara mbili.

Mimi ni mwalimu. Nikipewa kibali cha kupima, kitabadilika nini?

Ulimi. Kwa miaka umekuwa ukimwambia mtu "kioo!" kabla hajasahau kioo. Mtahini ananyamaza, anamwacha asahau, anaandika. Ukimsahihisha umeshamfundisha, na alama hiyo haina maana tena. Walimu wazuri ndio wanaopata shida zaidi hapa, kwa hiyo mafunzo ya utahini yasiwe semina ya asubuhi moja.

Kuhusu kuendelea kufundisha: Ulaya utalazimika kuchagua, Marekani kwa magari makubwa unaweza kufanya yote mawili mradi si kwa mtu yule yule.

## Mambo ya pembeni

Malori na mabasi yafuate utaratibu huo huo?

Yafuate mkali zaidi. Wapo Waafrika Mashariki wengi wanaoendesha malori Marekani, na swali hili huwagusa moja kwa moja. Tangu Februari 7, 2022 anayeanza lazima asome kwa mtoa mafunzo aliyesajiliwa na shirikisho kabla ya mtihani wa vitendo. Mwaka 2019 mamlaka husika ilipendekeza kuondoa katazo la mwalimu kumpima mwanafunzi wake, kwa hoja ya foleni. Mwaka 2021 pendekezo likaondolewa na katazo likabaki. Tunaona waliamua sawa. Basi la abiria 60 si mahali pa kujaribia uaminifu wa mtu.

Mji wetu una mwalimu mmoja tu. Tufanyeje?

Hapa kanuni ya "asimpime aliyemfundisha" inakwama, na kulegeza si jibu. Mtahini azunguke: siku moja au mbili kwa mwezi anafika mjini kwenu, anawapima wote waliosubiri, anaondoka. Anaweza kuwa askari kutoka mkoani au mwalimu mwenye kibali kutoka mji wa jirani. Walimu wa miji miwili wanaweza kubadilishana wanafunzi, ila mkataba wa "nifaulishie wangu nikufaulishie wako" huzaliwa haraka, kwa hiyo jozi zibadilishwe mara kwa mara.

Kwa nini tusiachie mashine?

Rwanda ina kituo cha Busanza, Kigali, ambako vifaa vya kielektroniki vinahesabu makosa uwanjani. Kwa kupaki, kupanda mlima na kupita kati ya vigingi, mashine haina ndugu wala njaa. Lakini bado haijui kusoma uso wa mtoto aliyesimama ukingoni mwa barabara akiwaza kuvuka. Hapo anahitajika mtu.

Tanzania ikitaka kujaribu, ianzie wapi?

Tungeanza na mkoa mmoja wenye foleni, leseni za magari madogo ya binafsi pekee, na walimu wachache wanaopima wanafunzi wa vyuo vingine. Polisi wasiondoke, wahame kutoka kupima kila mtu hadi kuwakagua wanaopima na kurudia sehemu ya mitihani. Bodaboda ziwe na mjadala wake, kwa sababu mtahini hawezi kukaa nyuma ya pikipiki na karatasi ya alama.

Kazi hii isianzishwe kwa vyuo ambavyo bado vinatoa cheti kwa mtu aliyeshika usukani mara mbili. Hivyo visafishwe kwanza.

Ikigundulika mtahini alikuwa akiuza alama, leseni zilizotokana na mitihani yake zinakuwaje?

Swali hili lijibiwe kwenye sheria kabla ya mtahini wa kwanza kupewa kibali, maana likisubiri kashfa litajibiwa kwa hasira. Kufuta leseni zote kunawaumiza waliofaulu kwa haki. Kuziacha kunaacha barabarani watu wasiojua kuendesha.

Kanuni za Marekani kwa magari makubwa zinatoa njia ya kati: jimbo likipata taarifa za kuaminika kwamba mtihani ulikuwa na udanganyifu, linamtaka mwenye leseni apimwe upya, naye ana siku 30 tangu kupokea taarifa za kupanga tarehe ya mtihani. Asipofanya hivyo, au akifeli, anapoteza haki ya kuendesha magari hayo. Anayejua kuendesha atapoteza asubuhi moja. Gharama ya mtihani huo, kwa maoni yetu, alipe mtahini aliyetiwa hatiani au dhamana aliyoiweka, kamwe asilipe mwanafunzi.